Bolti Fupi za Gari la Roble

Roble alilala kifudifudi kwenye mtaro wa Barabara ya Jogoo, karibu na Makongeni, na gari lake jekundu la Kiitalia lilikuwa limepinduka mbele yake. Gurudumu la kushoto la mbele lilikuwa limechomoka likaenda zake hadi kwenye ua wa nyumba za reli. Nyamai, msoma ramani wake kwenye rali, ndiye aliyeitwa kuutambua mwili. Alifika akichechemea, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala.

Kabla ya saa sita mchana fundi wa gari hilo, Maingi wa Kariobangi, alikuwa mahabusu. Mkuu wa kituo, Burale, alikuwa ameshaamua. Burale huamua hivyo siku zote: haraka, na kwa sauti kubwa.

"Alisahau kukaza nati," alimwambia Inspekta Nakhumicha. "Akubali uzembe, afungwe kidogo, atoke. Akileta kichwa ngumu, namshtaki kwa kuua makusudi."

Maingi alikuwa amekaa sakafuni ndani ya seli, bila viatu wala mshipi. Karatasi ya kukiri ilikuwa mbele yake, haijaguswa.

"Umeisoma?" Nakhumicha aliuliza.

"Nimeisoma, afande. Ni uongo mtupu."

"Ukisaini utawaona watoto wako wakikua."

"Na wao wataona nini? Baba aliyeua mtu kwa uvivu. Nilikaza. Andika hivyo au usiandike kitu."

"Utanyongwa, Maingi. Huu si mchezo."

"Basi waninyonge nikiwa nimekaza."

Nakhumicha alitoka amekasirika. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alimwamini.

Alienda yadi ya kituo, gari lilikokokotwa na kusimamishwa upya. Mtaalamu wa maabara ya polisi alimwonyesha bolti zilizookotwa barabarani. Zote zilikuwa fupi.

"Hizi ni za rimu za chuma," alisema. "Rimu za gari hili ni za aloi, nene. Bolti kama hizi zingeshika kwa meno mawili matatu tu. Gari likikolea mwendo, kwaheri."

"Za magurudumu mengine?"

"Ndefu, na zimekazwa barabara. Mtu alibadilisha za gurudumu hili moja."

Nakhumicha alitaka kujionea. Aliweka jeki upande wa kulia, akashika spana. Alizoea Landrova ya kituo, ambayo ukifungua nati, gurudumu hubaki limening'inia kwenye vyuma vilivyotokeza. Gari hili halikuwa na vyuma hivyo. Bolti ndizo zilizobeba kila kitu. Alipochomoa ya mwisho, gurudumu lilimwangukia. Aliruka, nalo likatua kwa kishindo pale vidole vyake vya miguu vilipokuwa.

"Wewe," mtaalamu alisema, "ungekuwa kilema."

"Maingi hulizuiaje?"

"Kwa goti. Kila anayelijua gari hili huliwekea goti kwanza."

Nakhumicha alisimama akitazama vidole vyake. Kisha akaagiza Nyamai aletwe kwenye chumba cha mahojiano.

"Mguu umefanyaje?" alimuuliza.

"Niliangusha sufuria."

"Ya nini?"

"Ya maharagwe."

"Vua ndala."

Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na juu yake kulikuwa na alama ndefu iliyopinda, sawasawa na ukingo wa rimu.

"Sufuria gani hii, Nyamai, ya kupikia harusi?"

Nyamai alirudisha mguu kwenye ndala.

"Kabla ya hili la Kiitalia, wewe na Roble mlishindana na gari gani?"

"La Kijapani."

"La nati."

"La nati, ndiyo."

"Ukadhani na hili litaning'inia ukifungua. Bolti zake ndefu ziko wapi?"

Nyamai aliinua kidevu. "Kwangu, chini ya kitanda. Sikuona haja ya kuzitupa."

"Kwa nini?"

"Miaka yote hiyo, kila kona mimi ndiye niliyemwambia inakwenda wapi. Usiku, kwenye ukungu, kwenye tope, yeye alikanyaga tu mafuta. Juzi alifungua kiti changu ili gari liwe jepesi. Akakileta hadi mlangoni kwangu. Mke wangu Mbeti amesimama hapo, majirani wamesimama, naye anasema, 'Mzigo huu sibebi tena.' Mzigo. Alifungua changu, nami nikafungua gurudumu lake. Usinitafutie machozi, afande, sina."

Nakhumicha alimwonea huruma, na hasira ikapanda juu ya huruma hiyo.

"Na Maingi? Ungemwacha anyongwe?"

"Nani anyongwe? Angesaini uzembe, akae ndani kidogo, atoke. Hapa kwenu wote husaini."

"Amekataa."

Nyamai alimkodolea macho. "Amekataa vipi?"

"Amekataa tu."

Uso wa Nyamai ulilegea, akainamia meza. Nakhumicha alienda kufungua seli mwenyewe, akaichukua ile karatasi ya Maingi, akaichana vipande. Burale alimwita kwa sauti kutoka ofisini. Hakugeuka.