Chumba cha Stara Kilichonipokonya Mwanangu

Enyi vijana mtakaosoma haya, wake kwa waume, kaeni kitako mnisikilize. Mie ni bibi wa hapa Temeke. Umri wangu siujui sawasawa. Najua tu kwamba enzi Mwingereza anatutawala, mie nilikuwa mwanamke mwenye mume na mtoto. Kusoma nimejifunzia darasa la ngumbaru, mvi zimeshaniota. Herufi zikipinda mnisamehe. Maneno yangu hayajapinda.

Mume wangu nitamwita Shabani. Wanasema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni... basi nyoka wote wa Temeke walikuwa nje! Nilimzalia mtoto mmoja tu, Idi, kizazi kikafunga.

Siku moja nikasikia kwa watu waliotoka vibarua vya mkonge kwamba Shabani ana mke mwingine huko, na mwanamke yule hajajaliwa mtoto. Nilipomuuliza hakukana. Akasema anataka Idi akalelewe kule, apate kumchangamsha mwenzangu. Kumchangamsha! Mwanangu ni kinanda?

Nikamwita kaka yangu Mfaume. Akamkalisha Shabani barazani, majirani wamejaa, akamwapisha kwamba Idi hatatoka mkononi mwangu. Shabani akaapa, na machozi juu. Mie nikamwamini. Ningefanyaje? Mtu ameapa mbele ya watu!

Mwaka ule ule Idi akaingia jandoni. Alipotoka alivikwa kanzu mpya na tarbushi nyekundu, akawa anatembea kifua mbele kama liwali. Ndipo Shabani akaja na neno jipya. Mama yake yuko Morogoro, mgonjwa, anataka kumwona mjukuu kabla hajafumba macho.

Nikasema sawa, twende. Lakini na mie nimo safarini, na mtoto nitamshika mkono toka Temeke mpaka Morogoro.

"Mfunge hata kamba ukitaka," akasema Shabani, akacheka. Nami nikacheka. Ole wangu, nilicheka!

Tukafika stesheni asubuhi, garimoshi linafuka. Daraja la tatu lilikuwa limeshona, mabenchi ya mbao, matenga ya kuku, watu wamekaliana mapajani. Shabani akatazama, akatikisa kichwa. Akasema mke wake hawezi kubanwa na wanaume wa watu. Daraja la pili kuna chumba cha wanawake watupu, kina mto wa kukalia na mlango wenye komeo. Nyongeza ya nauli anayo. "Wee ni mtu wa stara," akaniambia. "Kaa mahali pa stara."

Nikasita. Mtu mweusi daraja la pili, tena mwanamke, enzi zile? Lakini si hilo lililonisimamisha.

"Na Idi?" nikauliza.

Shabani akapaza sauti watu wasikie. "Idi! Katoka jandoni juzi, leo unataka kumrudisha kwa wanawake? Wenzake wamcheke?"

Kweli, kwetu mtoto akishatoka jandoni haketi tena na kina mama. Mila hiyo sikuitunga mie. Idi akaninyanyulia macho, akasema, "Mama, nitakaa na baba. Mie mwanaume." Alisema hivyo, na kidole chake kimoja bado kimeng'ang'ania ncha ya buibui langu.

Shoga yangu Mwanajuma, aliyetusindikiza, akanisukuma begani. "Panda, Bi Tatu! Lini tena utakalia mto wa serikali? Au unalionea wivu hata behewa?"

Watu wakacheka. Nikajiambia garimoshi halina uchochoro, atapita naye wapi? Tena ni mchana kweupe. Na stara ni stara. Nanyi siwafichi... ule mto niliutamani.

Nikakitoa kidole cha mwanangu kwenye buibui langu. Nikapanda.

Mle chumbani nilimkuta bibi mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka, anakwenda Dodoma. Mtu mwema, Mungu amlipe. Akanipisha, akanimegea chapati na achari. "Keti, mama. Hapa hakuna mwanaume. Funga mlango." Nikalishusha komeo kwa mkono wangu huu huu.

Kila kituo nilitoa kichwa dirishani. Kituo cha Soga nikaiona kofia nyekundu ya Idi, inapungwa kutoka behewa la nyuma. Ruvu nikaiona tena. Moyo ukatulia. Bibi yule akanitania kwamba mtoto yule atapungua mkono kwa kupunga!

Jua likapanda. Nikaona mkonge huko nje, safu kwa safu mpaka macho yanachoka. Na moyo haukunishtuka! Mkonge ule ule niliosikia habari zake, naupita nimeegemea mto. Enyi watoto, mto mlaini huua masikio.

Tukasimama kituo kidogo. Watu walikuwa wakishukia upande wa pili, upande wa mlango. Dirishani mwangu palikuwa na mkonge mtupu.

Mara mlangoni... go, go, go. Kidogo kidogo.

Nikauliza, "Nani?" Ukagongwa tena, go, go, go.

"Fungua, mama," akasema bibi wa Kihindi. "Gonga yake kama mtoto."

Nikamjibu kwa sauti, maana mie nimelelewa na mama mkali. "Mtu asiyepiga hodi hafunguliwi! Muuza mayai huyo, au mlevi."

Nje nikasikia miguu inaburuzwa. Kipenga kikalia. Garimoshi likang'oka.

Kituo kilichofuata nikachungulia, kofia sikuiona. Nikasema amelala. Kilichofuata tena, sikuiona. Morogoro nilishuka kabla garimoshi halijatulia, nikakimbilia daraja la tatu, buibui linaburuzika. Mzee mmoja mwenye tenga la kuku akanitazama kwa huruma.

"Mwenye tarbushi nyekundu? Ameshuka na babaye kule mkongeni, mwanangu. Palikuwa na mwanamke anawangoja, kashika mwavuli."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikaenda kwa mama mkwe, nikamkuta mzima kabisa, anatwanga mpunga. Hakumwita mtu. Alipolielewa neno akaketi chini, na mchi mkononi.

Nikarudi mkongeni kutafuta. Wamekwisha ondoka kwa lori! Huyu akasema Tanga, yule akasema Mombasa. Kaka Mfaume alizunguka mpaka viatu vikaisha. Liwali akatuambia mtoto amekua, na baba ni baba. Talaka yangu ikaja kwa mdomo wa mpita njia. Kaka akafa na donge moyoni.

Na Temeke wakanipa jina. Bi Daraja la Pili! Kisimani, sokoni, hata mazikoni. Wa kwanza kuniita alikuwa Mwanajuma.

Yote hayo niliyameza. Lililonikaa kooni ni ule mlango. Miaka yote nilimwomba Mungu jambo moja tu... yule aliyegonga, awe muuza mayai. Ee Mola, awe muuza mayai!

Uhuru ukaja. Miaka ikapita tena. Adhuhuri moja nimekaa chumbani napeta mchele, mlango nimeurudisha. Sikusikia hodi. Nilisikia go, go, go.

Nilijua kabla sijanyanyuka.

Nikafungua. Alikuwa mwanaume mzima mwenye ndevu, na macho ya Idi. Akasema, "Shikamoo." Nikaitika marahaba, nikamwambia ingia mwanangu. Hakuingia. Akauliza kama mie ndiye niliyekaa daraja la pili. Nikasema ndiye mie, mama yako.

Akanieleza hapo hapo kizingitini, bila kupandisha sauti. Pale kituoni alimponyoka babaye, akakimbia, akapanda ngazi. Hodi hakupiga kwa sababu kungwi aliwafundisha jandoni kwamba mwanaume hapazi sauti mlangoni pa wanawake.

"Nikagonga," akasema. "Nikaisikia sauti yako. Ulisema mtu asiyepiga hodi hafunguliwi. Baba akanikamata, akaniambia umesikia mwenyewe, mamako hakutaki."

Nilimweleza. Niliapa. Nilimshika miguu, mie niliyemzaa! Alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya paa la jirani. Nikamletea maji, hakuyanywa. Akasema mama yake amefariki, yule wa mwavuli, na kwamba yeye amekuja kuiona sura yangu tu.

"Kwaheri, bibi," akasema. Bibi! Hakusema mama. Akashika njia, hajarudi mpaka leo. Nasikia ana watoto. Majina yao siyajui.

Wanangu, hasa nyie wasichana, msipite nilikopita mie. Mtu akikupa heshima ambayo hukuiomba, tazama mkono wake wa pili umeshika nini. Stara si komeo. Na kile ulichoapa hutakiachia, usikiachie kwa sababu watu wanatazama. Wale waliocheka stesheni, nani kati yao aliyekuja kunifuta machozi?

Siku ile alipoondoka niliwaita wote wa nyumba hii, watoto wa kaka yangu na wake zao na wajukuu. Wakasimama uani wananitazama. Nikawaambia leteni tindo, ng'oeni komeo la mlango wangu, na la mlango wa mbele pia. Na kuanzia leo mtu akigonga bila hodi, asiulizwe nani. Fungueni!