Mwito wa Majina Getini

Hakuna kazi iliyowahi kunichosha kama kurekodi kumbukumbu za mjomba Cyprian. Miaka thelathini aliongoza watu kupanda mlima kule kwetu, na chama cha waongozaji kilitaka sauti yake kabla ya Ijumaa. Wakati huo alikuwa akikaa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege. Kila akianza kusimulia, ndege inapita juu ya bati, tunaanza upya.

Alhamisi saa nane mchana, jasho linanitiririka, tukafika kwenye mwito wa getini. Kikosi kikishuka mpaka geti la mlima, kiongozi husoma majina na kila mpagazi hujibu, "Nimeshuka." Haondoki mtu mpaka wote wajibu. Mjomba akafungua daftari la safari yake ya mwisho, akasoma majina manane. Nilichungulia. Yalikuwa tisa.

"Mjomba, umemruka Augustine."

"Achana naye."

"Turudie basi."

Akarudia, akamruka tena. Nilikasirika, sifichi. Nikamuuliza shida hasa ni nini.

"Augustine hakushuka," akanong'ona. "Mvua kubwa, watu wanataka kwenda makwao. Nikaitika mie kwa jina lake. Mie ndiye niliyesema nimeshuka."

Ningenyamaza hapo. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa Ijumaa, na uvumilivu ulikuwa umeniishia. Nikamnyang'anya daftari, nikasoma mwenyewe kwa sauti.

"Augustine."

Halafu, nyuma ya mlango, mtu akahema.

"Nimeshuka."

Mjomba alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kali.

"Soma na langu," akasema. "Haraka, Vaileth. Kabla hajaingia."

"Cyprian."

Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Nikarudia. Mlango ukafunguka. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nilipomgeukia mjomba, kiti kilikuwa kitupu, na juu ya plastiki yake kulikuwa na utando wa barafu.

Huu ni mwezi wa tatu tunamtafuta. Polisi wamenihoji mpaka nikalia, na sina cha kuwapa zaidi ya ile rekodi. Baada ya jina lake unasikika upepo, kisha sauti yake, kwa mbali: "Vaileth, soma tena."

Nasoma. Kila mchana naketi chumbani mwake na simu ikirekodi, naita jina lake mpaka koo linakauka. Chumbani sisikii kitu. Nikicheza rekodi ya siku hiyo, yupo, maneno ni yaleyale, ila kila siku anazidi kuwa mbali.

Jana nimesikia jina langu tu; "soma tena" haikunifikia.