Kifua cha Kapita

Soko ya Bunia ilijaa watu mpaka njia haikuonekana, na Wivine alikuwa peke yake katikati yao. Alivaa kikwembe cha manjano cha mama yake marehemu. Nyuma yake Kapita, imbwa kidogo ya mama, aliyepewa jina la musimamizi wa kazi, alikuwa anakohoa. Mbele ya meza ya makayabo, samaki ya chumvi, imbwa akaanguka. "Kapita!" Wivine akalia.

"Kapita gani huyu, analala kazini?" kijana mumoja akacheka, akapiga magoti palepale, na shati yake nyeupe.

"Weye unacheka, na ni yeye tu niko naye kwenye nyumba."

Kijana akainama. Akaweka sikio kwenye mbavu za imbwa. "Unisamehe, dada. Naitwa Davy, niko munganga wa nyama, natunza imbwa na ng'ombe. Moyo yake inapiga vibaya. Niko na mashini ya ekografi, ile wanaangaliaka nayo mimba ya ng'ombe. Inaonyesha na moyo pia. Sasa iko kule Komanda, ikirudi, nitakuita kwa simu."

Basi simu ya Wivine, iliyozoea kunyamaza, ikaanza kulia kila mangaribi.

"Kapita amekula?"

"Amekula."

"Na mukubwa yake, ule mwenye kikwembe?"

"Ule hana njaa."

"Nitaleta sombe ya majani laini ya muhogo, chérie. Njaa itakuja yenyewe."

Mashini ikarudi. Asubuhi Wivine akaacha Kapita kwa Davy, akaenda kwenye kazi yake ya kushona. Kurudi, akakuta imbwa amelazwa upande juu ya meza, kifua kimenyolewa, kinang'aa kwa mafuta. Akasimama kwenye mulango. Kwao wananyoa mutu wakati wa kilio. Nywele yake mwenyewe ilikuwa ingali fupi tangu mazishi ya mama.

"Davy! Unamufanyia kilio, naye angali anapumua?"

"Hapana, chérie, sikiliza kwanza…"

"Usiniite chérie! Mimi si mupenzi wako!"

Akafunga imbwa ndani ya kikwembe, akatoka bila dawa.

Simu ikalia, hakuipokea. Ikalia tena kesho yake, na siku zilizofuata; kisha ikanyamaza. Ndani ya nyumba yake, kwenye mutaa wa Bigo, alikaa chini, akisikiliza pumzi ya Kapita inazidi kuwa fupi. Sombe ya Davy ikaharibika ndani ya sufuria.

Siku ya Mungu, misa imekwisha, mulango ukapigwa.

"Wivine, fungua. Kama haunitaki, kamata dawa tu."

Akafungua. Davy akatua mufuko wa mashini, akafungua vifungo vya shati. Upande wa moyo, kifua chake kilikuwa kimenyolewa.

"Mama weee! Nani amekufa?"

"Hakuna. Mashini haionake kupitia nywele. Nilipashwa kukuambia mbele ya kunyoa. Angalia."

Akajipakaa mafuta ya mashini. Kwenye kioo cha mashini, moyo yake ikafunguka, ikafungika, kama kinywa cha samaki. Kisha akaonyesha moyo ya Kapita: imepanuka, inajikokota.

"Dawa haitamuponyesha," Davy akasema polepole. "Itamupa pumzi. Pengine mpaka majira ya mvua ingine."

Wivine akaficha dawa ndani ya kipande cha makayabo, Kapita akameza. Kukohoa kukapungua, na nyumba ikawa kimya kabisa.

"Siku huyu ataenda, nikirudi kutoka kazini nani atanipokea kwenye mulango?"

"Mimi, ukinikubali."

Wivine akamusogezea kiti. "Basi uende kuniomba kwa baba mukubwa yangu, kule Komanda. Lakini ufunge shati, asifikiri umekuja kilio."

Davy akacheka. Wivine hakucheka. Mukono wake ulikuwa juu ya kifua cha Kapita, pale paliponyolewa. Nywele ndogo ilikuwa imeanza kuota.