Maneno ya Fundi Nehls

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Alwine Radtke alisambaza maziwa mtaani kwao, katika mji mdogo wa Wisconsin. Mwaka ule wa 1918, Marekani ikipigana na Ujerumani, kazi hiyo ilianza kumtisha. Familia nyingi za mtaa huo zilikuwa na asili ya Kijerumani, na mara kwa mara mlango mmoja ulikutwa umepakwa rangi ya manjano, alama ya msaliti. Watu waliacha kusalimiana kwa Kijerumani. Kisha wakaacha kusalimiana kabisa.

Jumatatu moja alimkuta fundi viatu, mzee Nehls, dukani kwake akigonga soli kwa hasira.

"Vita hii ni ya matajiri," mzee aliwaambia wateja wake. "Wanaokufa ni watoto wa maskini."

Damu ilimchemka Alwine. Kaka yake Emil alikuwa Ufaransa, vitani. "Emil si mjinga wa kupigania matajiri!" alifoka, akatoka mbio.

Wiki haikuisha, Nehls akakamatwa kwa maneno hayo. Jioni hiyo Bwana Crandall, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya mji, alifika kwa kina Radtke. Hakuvua kofia.

"Binti, wewe ulikuwepo dukani kwa Nehls. Kesho utamwambia hakimu kwamba aliwashawishi vijana wakatae jeshi."

"Hakusema hivyo, bwana."

"Kwani humpendi kaka yako?" Crandall alitabasamu. Akautazama mlango wao polepole, toka juu mpaka chini. "Mlango mzuri huu."

Alipoondoka, mama alifunga mlango kwa komeo.

"Mama, mimi nayachukia maneno ya yule mzee."

"Najua, mwanangu. Lakini hutaulizwa kama unayapenda. Utaulizwa ulisikia nini."

Mahakama ilijaa watu. Alwine aliyarudia maneno ya Nehls kama yalivyotoka, bila kupunguza.

"Aliwaambia vijana wasiende vitani?" hakimu aliuliza.

Crandall alimkazia macho kutoka safu ya mbele.

"Hapana, mheshimiwa. Hakusema."

Watu walinung'unika. Hakimu akagonga meza.

"Kulaumu vita ni maoni. Kuwachochea watu wavunje sheria ni jambo jingine, na hapa halikuthibitishwa. Maneno matamu hayahitaji Katiba iyalinde, hayana adui. Mwachieni."

Nje, watu wa Crandall walisimama pande mbili za ngazi. Alwine na mama walipita katikati yao bila kukimbia, ingawa miguu ilitaka. Nehls aliwafuata.

"Asante, mjukuu wangu."

"Usinishukuru, mzee. Ulikosea. Emil alikwenda kwa hiari yake, na anajua anachopigania. Ulishawahi kumuuliza?"

"Hapana," Nehls alisema. "Hebu niambie."

Mama alimshika Alwine bega. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukimziba mtu mdomo, hujamshinda. Na kama wewe ndiye uliyekosea, hutajua kamwe. Msikilize, halafu mjibu. Na haki unayoitaka kwa ajili yako, mpe hata yule anayekuudhi."

Wakashika njia ya nyumbani, Alwine na mzee wakibishana kwa sauti, na mtaa mzima ukiwasikiliza nyuma ya mapazia.