Aliyefunga Breki Hupanda

"Bi harusi atoke kwao. Kwa bwana asifike."

Sauti ikakatika.

Mwiba alibaki amelala chali chini ya gari, spana namba kumi na tatu mkononi, akiyatafuna maneno yale. Kifaa cha mawasiliano alichokitia ndani ya sikio la kushoto, chenye kunasa sauti pia, hakikuzidi punje ya mahindi. Wiki tatu kilikuwa bubu. Leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi kwa Casio yake ya mkononi, Mjomba alikuwa amesema.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mkuu wake wa kazi.

Na bi harusi lilikuwa ni gari hilo lililokuwa juu ya kifua chake: gari la michezo la milango miwili, rangi ya maziwa, lililoundwa kabla mama yake hajazaliwa. Bwana alikuwa ng'ambo ya daraja la mpakani, kilomita kumi na sita kutoka gereji, karibu zote mteremko.

Gari liondoke. Lisivuke daraja.

Aliogopa. Tuseme ukweli mapema, maana wenzake kazini walimbandika jina la Mwiba wakidhani haogopi kukanyagwa. Tangu alfajiri alikuwa ameangusha nati ileile mara mbili.

Kulikuwa na orodha. Majina arobaini na moja ya watu waliokuwa wakifanya kazi ya siri ng'ambo ya mto. Iliibwa ofisini ikatiwa ndani ya kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha. Jina la kumi na tisa lilikuwa la kaka yake, tumbo moja, mpima macho wa mtaani ambaye kwa miaka minne alikuwa akipima mengine zaidi ya macho. Kadi ikivuka asubuhi, jioni kaka hana uhai.

Mbebaji alijulikana. Tatizo ni kwamba kadi hakuwa nayo bado. Angekabidhiwa leo, na msaliti ambaye hakuna aliyemjua. Ukimkamata gereji, umekamata mikono mitupu. Ukimwekea kizuizi barabarani, atajua kabla vizuizi havijashushwa, kwa kuwa alikuwa na sikio ndani ya polisi. Na leo ndiyo siku ambayo msafara wa magari ya kale huvuka mpaka bila kukaguliwa, magari sitini yakifuatana.

Lakini gari likiharibika lenyewe, nani atashuku? Litakuja gari la kuvuta la msafara.

Na gari la kuvuta lilikuwa la Mjomba.

Mwiba alitambaa hadi chini ya pedeli. Kazi aliyoagizwa na mwenye gari alikuwa ameimaliza jana: ngoma za breki za zamani zimetolewa, diski mpya zimefungwa magurudumu yote manne, pedi mpya, mipira mipya ya mafuta, na silinda kuu ya kisasa ya kusukuma mafuta ya breki, yenye njia mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki. Kazi safi. Aliionea fahari, Mungu amsamehe.

Sasa akaiharibu.

Kati ya kifimbo cha pedeli na silinda kuu huachwa nafasi ndogo, unene wa ukucha tu. Fundi mchanga huisahau. Nafasi hiyo isipokuwepo, mafuta ya breki yakienda hayarudi. Kila ukikanyaga, pedi zinabana zaidi kidogo. Zinapata moto, mafuta yanatanuka, zinabana tena. Breki isiyoshika huua. Breki isiyoachia husimamisha gari.

Akazungusha nati. Nafasi ikafa.

Kisha akatambaa hadi nyuma na kupapasa ndani ya bampa. Bastola ndogo aina ya Beretta ilikuwa palepale alipoibandika kwa utepe wa gundi.

"Binti, umemaliza?"

Mzee Spana, mwenye gereji, alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Hakujua lolote. Kwake Mwiba alikuwa fundi wa kike mwenye mkono mwepesi.

"Nimemaliza, mzee."

"Basi nawa mikono. Mwenye mali amefika, na amesema utapanda naye mpaka ng'ambo."

"Mpaka ng'ambo? Si huwa tunazunguka mtaa tu?"

"Yeye anataka njia nzima. Na sheria unaijua." Mzee alielekeza kikombe ukutani, palipoandikwa kwa rangi nyekundu: ALIYEFUNGA BREKI HUPANDA. Zamani fundi mmoja pale alisahau boliti, mteja akatumbukia korongoni na gari lake. Tangu siku hiyo, kila aliyegusa breki hukaa kiti cha abiria safari ya kwanza. Mafundi wengine mjini waliwacheka. Ila hakuna aliyesahau boliti tena.

Angekataa, angeulizwa kwa nini. Akanawa mikono.

*

Mwenye gari aliitwa Glavu, kwa sababu hakugusa usukani bila glavu za ngozi. Alikuwa mtu wa maneno laini na harufu ya sabuni nzuri. Alimpekua Mwiba kwa macho, akampekulia na mfuko wa vifaa kwa mikono.

"Usinielewe vibaya, fundi. Nina maadui."

"Hakuna shida, bosi."

Kwenye mstari wa kuanzia, kamanda wa polisi aliyesimamia msafara alikuwa akipunga bendera. Alipofika kwao akainama dirishani, tabasamu mpaka masikioni.

"Zawadi kidogo kwa gari zuri," akasema, na kumpa Glavu kichwa cha kushikia gia, cha mti uliong'arishwa.

Glavu alikifungua cha zamani, akafunga kipya, raundi tano, bila haraka.

Mwiba alitazama mbele. Kamanda huyu ndiye aliyepewa ulinzi wa daraja. Fisi kakabidhiwa bucha.

Alikohoa mara mbili, kama alivyokubaliana na Mjomba.

"Nimesikia, mpwa," Mjomba akasema sikioni. "Zawadi imetolewa na mwenye bendera?"

Akakohoa mara moja. Ndiyo.

"Tunamshughulikia. Wewe shuka sala—"

Gari lilikuwa limeshaondoka, na mlima ukaikata sauti. Kuanzia hapo alikuwa peke yake.

Kilomita ya tatu. Kona. Glavu akakanyaga breki, gari likatii kwa adabu.

"Lo, fundi. Una mkono."

"Asante, bosi."

Kilomita ya saba. Kona tatu mfululizo. Upande wa kushoto hapakuwa na ukingo, palikuwa na hewa. Mwiba alihesabu kila mguu ulivyokanyaga. Alikuwa amejaribu hila hii mara tatu kwenye gari jingine bovu: mara mbili lilinasa kilomita ya kumi na tano, mara moja kilomita ya tisa. Kilomita ya tisa ya barabara hii ilikuwa kona kali iliyopinda kama kisigino, na korongo chini yake. Breki za mbele zikinasa hapo, usukani haufai kitu.

Kilomita ya tisa ikaja. Alijikuta anasali kimoyomoyo sala ya watoto ya kulalia, maana nyingine zote zilimpotea.

Ikapita.

Kilomita ya kumi na mbili, harufu ikaanza.

Glavu alinusa. "Nini hicho?"

"Pedi mpya, bosi. Lazima zinuke mpaka zizoee diski." Ulikuwa ukweli nusu.

"Na pedeli imekuwa ngumu."

"Diski ndivyo zilivyo. Umezoea ngoma."

Glavu alishika usukani kwa mkono mmoja, mwingine ukaingia ndani ya koti na kutoka na bastola, akailaza pajani mdomo ukimwelekea Mwiba. Alifanya hivyo polepole, macho barabarani.

"Baba yangu alikuwa na gari kama hili," akasema. "Nilikua nikimshikia taa akitengeneza. Mimi si mjinga wa breki, dada."

Mwiba aliweka mikono yote miwili magotini, ionekane.

Kilomita ya kumi na tano gari lilianza kulemewa. Glavu akashusha gia, akakanyaga mafuta. Injini ikalia, moshi ukatoka magurudumu ya mbele, gari likajikokota, likajikokota, likasimama.

Mbele yao, mita mia nne, daraja. Magari ya msafara yaliwapita, watu wakipunga mikono kwa furaha. Mwiba akapunga pia, maana hakujua afanye nini na mkono wake.

"Zikipoa zitaachia," Glavu akasema. "Lakini sina nusu saa. Msafara ukishavuka, atakayefuata anakaguliwa. Toka. Chukua spana. Fungua skrubu ya kutolea upepo, umwage mafuta mpaka breki ziachie. Kisha nitavuka kwa gia na hendibreki."

Jamaa alikuwa anajua kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa.

"Mbele au nyuma, bosi?"

Aliuliza kwa sauti ya mwanafunzi. Ilitetemeka, na kutetemeka huko hakukuwa maigizo.

Glavu aliangalia magurudumu ya mbele yanayofuka moshi, akaangalia daraja, akaangalia saa. Akakumbuka gari la baba yake.

"Popote. Breki ni bomba moja. Ukifungua moja umefungua zote. Anza nyuma, hapo hapana moto sana."

Bomba moja. Ndivyo yalivyokuwa magari yote ya zamani, na ndivyo lilivyokuwa hili mpaka juzi. Glavu mwenyewe ndiye aliyeagiza silinda ya njia mbili, akaisifia mbele ya mafundi. Lakini mtu akishikwa na kiwewe hurudi kwa alichofundishwa utotoni.

Mwiba hakumkumbusha.

Alipiga magoti kwenye gurudumu la nyuma, Glavu amesimama juu yake, bastola ndani ya mkono wa koti. Akafungua skrubu. Mafuta ya moto yakaruka, yakamchoma kidole gumba. Gurudumu likaachia kwa mlio mdogo. Akahamia la pili, likaachia pia.

"Umeona?" Glavu akasema, karibu kwa upole. "Sasa baki hapo hapo. Usiinuke."

Angempiga risasi? Mwiba alifumba macho. Alisikia hatua, mlango, injini. Hapana: risasi karibu na daraja ingeleta watu. Alitaka tu kuondoka.

Injini ikanguruma. Magurudumu ya nyuma yakazunguka mahali pamoja, changarawe zikamrukia Mwiba usoni. Ya mbele yalikuwa yamekamatwa na pedi zake, hayasogei hata inchi.

Glavu akaongeza mafuta, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani.

Yote miwili.

Mkono wa Mwiba ukaingia ndani ya bampa.

Alipofika dirishani aliishika Beretta kwa mikono miwili. Akaigusisha shingoni kwa Glavu, juu kidogo ya kola.

"Zima, bosi. Mikono ibaki hapo hapo."

Glavu akazima. Gari la kuvuta, Land Cruiser ya njano, likaja taratibu na taa zake zikizunguka, mafundi wanne ndani yake wasiojua hata kubadili tairi.

Mwiba alikifungua kichwa cha gia kwa mkono wa kushoto. Raundi tano. Ndani, kwenye nta, kulikuwa na kadi. Akaitia mfuko wa kifuani na kufunga kifungo.

"Kamanda tunaye," Mjomba akasema sikioni, mlima ukiwa umeisha. "Uko salama, mpwa?"

"Niko salama, mjomba."

Walipomfunga pingu, Glavu alimgeukia.

"Ulijua zitanasa. Ungeweza kufa kwenye zile kona. Kwa nini ulipanda?"

Mwiba alijifuta mafuta kwenye ovaroli. "Aliyefunga breki hupanda."

Akamwachia dereva wa gari la kuvuta spana, akaondoka kwa miguu, mabega wima, mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Waliomtazama walisema baadaye kwamba hakugeuka hata mara moja.

Hawakumwona alipopita kona. Huko akakaa juu ya jiwe la kilomita na kutapika. Kisha akatoa Nokia yake na kupiga namba aliyokatazwa kuipiga.

Iliita mara tano. Kila mlio alihesabu.

"Haloo?" kaka yake akasema. "Nina mgonjwa hapa kitini, dada. Mbona unahema hivyo?"

"Nimeshuka mlima."

"Watu huhema wakipanda."

"Najua," Mwiba akasema, na akaanza kulia. "Endelea kuongea tu."

Kaka akaanza kumsomea herufi za ubao wa kupimia macho, kubwa kwanza, kisha ndogo, mstari kwa mstari.