Nafasi Moja ya Philadelphia

Lenora Gallo alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao katika stesheni kuu ya treni ya Philadelphia, suti nyeusi mwilini, raba miguuni, viatu vya visigino mapajani kama paka aliyelala. Watu walimiminika mbele yake wakikokota masanduku. Kijana mmoja akasimama. Naye alivaa suti nyeusi, na kwapani alibana jalada la chuo fulani.

"Pole na msiba, dada."

Lenora akashtuka. "Msiba gani?"

"Si sote tunatoka mazishini? Suti nyeusi, uso umenyauka." Akaketi bila kukaribishwa. "Mimi wamenizika Boston. Wewe wapi?"

Lenora akacheka mpaka kiatu kimoja kikaanguka. "Cleveland. Mahojiano ya chuo cha udaktari."

"Walikuuliza kwa nini unataka kuwa daktari?"

"Waliniuliza. Nikasahau."

"Basi umepita. Wanapenda wasema kweli." Akaokota kiatu, akampa kwa mikono miwili. "Tavian Whitlock. Ukiwa na njaa, pale wanauza mkate wa chumvi uliosokotwa. Nanunua mmoja tu, tugawane."

Waligawana. Haradali ilimganda Tavian kidevuni, naye Lenora, ambaye kwa kawaida haya humfunga mdomo mbele ya wageni, alinyoosha kidole akaifuta. Aliporudi kwa mama yake jioni ile, kidole kile bado kilikuwa kinanukia haradali, na hakutaka kukiosha.

Majira ya baridi yakawakuta wameshakuwa wapenzi, yakaleta na majibu. Lenora alipata nafasi mbili, Cleveland na Philadelphia. Tavian alikataliwa kila mahali isipokuwa Philadelphia, na huko walimweka kwenye orodha ya kusubiri. Waombaji wa udaktari wana kawaida yao: unaruhusiwa kushikilia nafasi zako zote hadi siku ya mwisho ya Aprili, kisha ubaki na moja. Kila unayoiachia inateremka kwa wanaosubiri. Ndiyo maana wanaosubiri huhesabu pumzi za wenzao.

"Anayeng'ang'ania mbili amemkalia mtu kooni," Tavian alipenda kusema. Kisha humbusu Lenora kwenye paji la uso. "Si wewe, kipenzi. Wewe Cleveland unaikataa lini?"

"Kesho."

Kesho ile ilisogezwa mpaka Aprili yenyewe ikafika mwisho. Tavian aliamini kwamba mpenzi wake atabaki Philadelphia, karibu na mama yake na karibu naye. Lenora hakuwahi kusema hivyo. Hakuwahi kukanusha pia. Alikuwa anaogopa.

Mchana wa siku ya mwisho alikaa kwenye meza ya jikoni, kompyuta mbele yake, sosi ya nyanya ya mama ikitokota jikoni. Simu ikalia.

"Umeshatuma, bibie?"

"Sijui niandikeje. Wataniona sina adabu."

"Adabu ni ufupi. Andika, daktari wako anakusomea." Tavian akakohoa kama mtangazaji wa redio. "Ndugu wanakamati. Nashukuru kwa dhati kwa nafasi mliyonipa. Baada ya kutafakari sana, nimeamua kutojiunga na chuo chenu. Nawatakia heri, wenu mtiifu. Kwisha!"

"Nisiwaambie kwa nini?"

"We, hiyo ni barua, si kitubio cha padri. Usijieleze, usiombe radhi mara kumi, na usiwasifie wale uliowachagua. Wape tu nafasi yao mapema waipeleke kwa mwingine. Haya, nisomee."

Lenora akasoma. "...nimeamua kutojiunga na Chuo cha Tiba cha..."

"Cleveland, jamani! Hata jina limekutoka?"

"Philadelphia."

Sosi ilisikika ikipasua mapovu.

"Rudia."

"Ni Philadelphia, Tavi. Nataka Cleveland. Nilipoingia wodi yao ya watoto wenye maradhi ya moyo sikutaka kutoka. Nimeogopa kukuambia, nimeogopa kila siku..."

"Unaniachia nafasi?" Sauti ya Tavian ilikuwa imegeuka. "Unanihurumia, Lenora? Nile makombo yako?"

"Sikuachii wewe! Wanaosubiri ni wengi, wanaweza kumwita yeyote."

"Basi unaniacha mimi."

"Tavi, nisikilize..."

Simu ikakatika.

Mama yake akachungulia, mwiko mkononi. "Nani kafa?"

"Hakuna, mama."

Akapiga tena. Haikupokelewa. Saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia jioni, na ofisi za chuo zilikuwa karibu kufungwa. Lenora aliitazama barua. Angeweza kufuta neno moja tu, aandike Cleveland, kisha ampigie Tavian wacheke. Halafu? Akajiona miaka ijayo, akimtazama mwanamume anayempenda na kumwona kama mtu aliyemlia ndoto yake. Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli.

Akatuma. Kisha akainama mezani, akalia bila sauti.

Mei ikapita bila Tavian. Juni nayo. Lenora alikuwa anaanza kuamka usiku akiwa ameshika simu isiyolia.

Siku ya safari ya Cleveland aliketi kwenye benchi lilelile, gauni jepesi la njano mwilini, raba zilezile miguuni. Mtu akasimama mbele yake. Suti nyeusi, katika joto lile! Jasho lilimtiririka shingoni.

"Mama yako ndiye kaniambia treni yako," Tavian akasema.

"Nani kafa?" Lenora aliuliza.

"Leo si mazishi. Nina mahojiano." Akameza mate. "Niliogopa, Nora. Hofu ikanitoka kama hasira. Philadelphia hawajaniita, na huenda wasiniite. Nitaomba upya. Lakini sijaja kwa ajili ya nafasi ile. Nina nyingine naiomba." Akapiga goti, akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na pete nyembamba ya bibi yake.

Lenora akasimama wima, mikono nyuma.

"Ndugu Tavian Whitlock. Nashukuru kwa dhati kwa nafasi uliyonipa."

Uso wa Tavian ukapauka. Maneno yale aliyajua, alimfundisha mwenyewe.

"Baada ya kutafakari sana..."

"Nora, tafadhali, usi..."

"Nyamaza, barua haikatizwi. Baada ya kutafakari sana, nimeamua kujiunga."

Tavian akamvisha pete papo hapo, goti likiwa bado chini. Bibi mmoja mwenye kikapu akampigia makofi. Spika ikatangaza treni. Wakakumbatiana mpaka suti ikalowa machozi, kisha Lenora akateremka ngazi akiwa na pete kidoleni.

Hakuwa ameketi vizuri behewani simu ilipolia.

"Umeshafika?"

"Treni haijaondoka, mwehu we!"

Akacheka, kisha cheko likakauka. Behewa likatikisika. "Tavi, naogopa."

"Hata mimi."

"Usikate."

"Sikati."

Treni ikaanza kutembea.