Pengo la Mlima Heukbong

Zama za wafalme wa Koryo, yaani Korea ya kale, nchi ile ilikuwa milima tupu. Ukipanda safu moja unaiona nyingine, na nyuma yake nyingine, na mpunga umebanwa mabondeni. Aliyeijua vyema ni Baek Mun-ho, mchora ramani wa mfalme, mzee mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Mafundi wa kazi yake hawakuanza na mito wala miji. Walichora kwanza uti wa milima kwa wino mweusi, mstari mmoja mrefu, na penye njia ya kuvukia waliacha pengo.

Mwaka huo majeshi ya kaskazini yaliizingira ngome ya Heukbong. Ndani mlikuwa na askari mia nne, Mun-ho mwenyewe, na mtama wa siku tatu. Kamanda Gwak, deraya ikimpwaya kwa njaa, aliitandaza ramani.

"Mzee Baek, mstari wako hauna pengo hata moja. Basi tutafia humu."

Mun-ho aliutazama mstari wake. Pengo lilikuwapo. Miaka ishirini nyuma, wachimba mizizi ya dawa wa ng'ambo ya mlima walimpigia magoti: likichorwa, watoza kodi watafika, na kila mzizi utakwenda ikulu. Akawaonea huruma, akaliziba kwa wino. Kughushi ramani ya mfalme kulikuwa na adhabu ya kifo.

"Njia ipo, mheshimiwa. Niliificha mimi. Utanikata kichwa baadaye. Kwa sasa nifuate."

Alfajiri walitoka kwa nyuma ya ngome, wakalipita pengo ndani ya ukungu, wameshikana mikanda, mzee akiyalaani magoti yake kila hatua. Ng'ambo, kijijini kwa wachimba mizizi, mwanamke mmoja alimtambua, akamaka.

"Baba, umetuletea jeshi?"

"Nimeleta wenye njaa, mwanangu. Wataondoka."

Wanakijiji wakawapa askari uji na kuwaonyesha mteremko wa kumzunguka adui. Kabla ya adhuhuri askari wa Gwak walimwangukia adui mgongoni, naye akakimbia akiacha hata masufuria yake motoni.

Siku ya tatu Gwak aliweka karatasi mpya mbele ya mzee. "Chora pengo, nami nitakuombea msamaha. Usipochora, sina la kukusaidia."

Mun-ho alichovya brashi. Aliogopa kweli. Akachora uti wa Heukbong mwanzo hadi mwisho bila kuinua mkono.

"Mzee! Nimepita pale kwa miguu yangu!"

"Basi miguu yako inapajua, mheshimiwa. Inatosha."

Gwak akachukua brashi. Akamwandikia mfalme kwamba jeshi lilitokea lango kuu, na kwamba mchora ramani amekaidi amri, apelekwe uhamishoni. Kichwa hakukigusa.

Alipelekwa kisiwa cha kusini kisicho na hata kilima, na hilo lilimuuma kuliko yote. Vitabu vilimsifu Gwak kwa ushujaa wa langoni, na ramani ikatunzwa ikulu, mstari wake mzima. Ila kila mwaka, majani yalipoanza kupukutika, mchuuzi mmoja alishuka kisiwani na kifurushi kisicho na jina. Ndani mlikuwa na mzizi wa dawa ya magoti, bado una udongo mweusi wa Heukbong.